KWA NINI MSHUMAA HUZIMIKA NA NYOTA HAIZIMIKI?

Mimi si mwandishi wa makala za sayansi. Mnanijua kwa mashairi na ngonjera. Lakini mlezi wa chama akishakutaja kwa jina mbele ya watu, utakataaje?

Ilikuwa Ijumaa usiku, muhula wa pili. Tulikuwa katika prepu, vitabu vimefunguliwa na vichwa vingine vimeshalala juu ya vitabu hivyo, mara stima ikapotea. Jenereta ya shule nayo ikakataa kuwaka. Mwalimu wa zamu alipoona kelele zimezidi, akaturuhusu tutoke tukae nje kwenye nyasi. Mbingu ilikuwa safi na mwezi haujachomoza. Shule yetu, kama mjuavyo, iko kando ya barabara ya Rongo kwenda Homa Bay, hivyo nusu yetu ni watu wa Migori na nusu ni wa Homa Bay, na ubishi hauishi. Wale wa Homa Bay wakaanza kujigamba kwamba nyota hizo si kitu. Eti ukitaka kuona mataa, simama ufuoni usiku usio na mwezi, wavuvi wa omena wakiwa kazini, uone taa zao zilivyotapakaa ziwani. Utadhani mji mzima umehamia majini.

Ndipo akazungumza mvulana mmoja wa Kidato cha Pili, mtu wa Nyatike, mpole asiyesema sana. Alisema ndugu yake mkubwa ni mchimba dhahabu. Asubuhi kabla ya kushuka shimoni, huteremsha kwanza mshumaa unaowaka kwa kamba. Mshumaa ukizimika hakuna anayeshuka, maana hewa ni mbaya. Ukiendelea kuwaka, wanashuka. Kisha akaelekeza kidole juu.

"Mwalimu wa Fizikia alisema kule juu hakuna hewa kabisa. Sasa mbona zile hazizimiki?"

Tulicheka. Ndiyo tabia yetu hiyo, kucheka swali ambalo hatuna jibu lake. Viranja walicheka, mimi nilicheka, hata wale ambao kila mtihani wa Fizikia huongoza walicheka, lakini hakuna aliyejibu. Mlezi wa chama, kumbe alikuwa ameketi nyuma yetu kimya, akasema jibu litatoka gazetini. Akanitaja mimi.

Basi nianze na mshumaa, maana huo uko karibu.

Mshumaa ukiwaka, nta yake huungana na oksijeni iliyo hewani. Hupatikana joto, mwanga, mvuke wa maji na gesi ya kabonidayoksaidi. Sasa fikiria ugali na sukuma uliyokula jana. Chakula hicho kikishasagwa tumboni na kupelekwa na damu hadi kwenye seli za mwili, nacho huungana na oksijeni. Hupatikana joto, nguvu, maji na kabonidayoksaidi ile ile. Tofauti ni kwamba moto wa mwilini huenda polepole na hauna mwali, ndiyo maana una joto la nyuzi 37 na hujaungua. Ukitaka ushahidi, pumulia kioo cha dirisha asubuhi na mapema uone ukungu. Hayo ni maji yako. Kisha mwombe mwalimu wa maabara maji ya chokaa, uyapulizie kwa mrija. Yatageuka meupe kama maziwa yaliyotiwa maji. Hiyo ni kabonidayoksaidi yako. Ukiyafunika maji hayo pamoja na mshumaa ndani ya chupa, yatageuka vivyo hivyo.

Kwa hiyo mshumaa na mtu ni ndugu. Wanakula chungu kimoja.

Hewa tunayovuta ina naitrojeni asilimia 78 na oksijeni asilimia 21. Kabonidayoksaidi ni chembe tu, karibu asilimia 0.04. Hewa tunayotoa bado ina oksijeni asilimia 16 hivi, na kabonidayoksaidi imepanda hadi karibu 4. Mapafu yenyewe hayana msuli wa kujivuta. Kazi hiyo hufanywa na misuli ya mbavu pamoja na kiwambo, ule msuli mpana uliotandazwa kati ya kifua na tumbo. Kiwambo kikishuka, kifua hupanuka na hewa huingia yenyewe.

Mtu mzima aliyetulia hupumua kama mara 15 kwa dakika, nusu lita kila mara. Nilipiga hesabu nyuma ya daftari la Jiografia (samahani, Mwalimu): kwa siku ni mara 21,600, yaani lita 10,800. Ukizimimina katika mitungi ya lita 20, ile tunayochotea maji, utajaza mitungi 540 kila siku. Na hiyo ni kwa mtu aliyekaa tu, hajakimbia wala kubeba kitu.

Sasa jaribu kuzuia pumzi. Sisi tulijaribu bwenini kwa saa ya mkononi, mimi nikashindwa baada ya sekunde 47. Wengi hudhani kinachotulazimisha kupumua ni upungufu wa oksijeni. La. Ubongo hushtuka zaidi kwa sababu kabonidayoksaidi imejaa damuni. Ile ndiyo kengele yetu. Jambo hili ni dogo kulisoma lakini lina hatari kubwa ndani yake, nami naomba ulishike, maana linamhusu ndugu ya yule mvulana.

Katika shimo refu lenye mdomo mmoja mwembamba, hewa haizunguki. Oksijeni inaweza kupungua kwa sababu ya watu wanaopumua, taa za moto, au mbao na miamba inayoila pole pole. Mahali ambapo oksijeni imesukumwa na gesi nyingine kama vile naitrojeni, kabonidayoksaidi ya mtu huendelea kutoka kama kawaida. Kengele hailii. Hahisi kukabwa wala kuhema. Huona kizunguzungu kidogo, magoti yanalegea, basi. Mwenzake aliye juu akiona mtu ameanguka huteremka mbio kumwinua, naye huvuta hewa ile ile na kuanguka juu yake. Hapo ndipo husikia watu wawili au watatu wamekufa katika shimo moja, na watu huanza kusema mahali hapo pana pepo.

Ndiyo maana ule mshumaa una akili. Mwali wa mshumaa huzimika oksijeni ikishuka hadi karibu asilimia 16. Mtu katika hewa hiyo hupungukiwa na nguvu, lakini hazimii bado. Kwa kawaida huzimia ikishuka chini ya 10. Kwa hiyo mshumaa hutangulia kuanguka ili mtu asianguke. Wazee waliochimba Macalder na Masara na kwingineko hawakuhitaji maabara kulijua hilo.

Lakini mshumaa una upofu. Siku chache baada ya ile Ijumaa, yule mvulana alinifuata kwenye tangi la maji nikifua soksi. Akaniambia jambo ambalo hakulisema mbele ya watu. Aprili iliyopita, mvua ilipokuwa kubwa, shimo la ndugu yake lilijaa maji. Wakateremsha pampu ya petroli hadi nusu ya shimo, wakaiwasha, maji yakatoka. Kisha wakateremsha mshumaa. Uliwaka vizuri kabisa. Ndugu yake akashuka. Baada ya muda aliita kwamba kichwa kinamuuma, kisha akanyamaza. Kamba ilikuwa kiunoni, hicho ndicho kilichomwokoa. Walimvuta, wakamkimbiza hospitalini kwa pikipiki, akatiwa oksijeni, akapona. "Sasa mshumaa ulidanganya?" akaniuliza.

Haukudanganya. Uliulizwa swali moja, nao ukajibu hilo hilo: oksijeni ipo. Haukuulizwa kama kuna sumu.

Injini ya petroli hutoa moshi wenye gesi iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi koo. Damu yetu hubeba oksijeni kwa himoglobini, kile kitu chenye madini ya chuma kinachoipa damu rangi nyekundu. Chukulia himoglobini kuwa ni matatu, na oksijeni ni abiria anayepanda mapafuni na kushuka kwenye misuli au ubongoni. Kaboni monoksaidi ni abiria wa aina nyingine. Huking'ang'ania kiti zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na akishakaa hataki kushuka. Matatu zinapita zimejaa, vituoni watu wanangoja, hakuna anayeshuka. Hewa yenye sehemu 4 tu za gesi hii katika kila sehemu 1,000 yaweza kumwua mtu chini ya saa moja. Na katika hewa hiyo mshumaa utawaka kama uliowekwa mezani kwa sherehe. Jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa hufanya vivyo hivyo, na hili si la wachimbaji peke yao. Kuna wenzetu wanaolala nalo chumbani msimu wa baridi wakiwa likizoni.

Kinachofaa ni injini ibaki juu, mbali na mdomo wa shimo, na mpira wa maji ndio uteremke. Hewa safi ipulizwe chini kwa feni kabla ya mtu kushuka na muda wote akiwa huko. Aliyeko chini afungwe kamba, na akianguka avutwe kutoka juu. Asifuatwe na mtu asiye na chombo cha kupumulia. Kichwa kikianza kuuma, toka. Usingoje kizunguzungu. (Kuna pia zebaki inayokaangwa jikoni ili kupata dhahabu, na mvuke wake hupita njia hii hii ya pua. Hiyo inahitaji makala yake.)

Haya, turudi kwenye zile za juu. Ikiwa moto wowote unataka hewa, na kule hakuna, zinawakaje?

Zamani wataalamu wenyewe walihangaika na swali hili, kwa hiyo tusione haya kwamba tulicheka. Tuseme jua ni rundo la makaa, na tuliwekee oksijeni ya kutosha. Jua ni zito mara 333,000 kuliko dunia. Hata hivyo makaa hayo yangekwisha kwa miaka elfu chache tu. Sasa nenda Nyayanga, kwenye Rasi ya Homa, si mbali na kwa hao wenzetu wanaojivunia taa za omena. Mwaka 2023 watafiti walitangaza kwamba mawe yaliyochongwa na kupatikana hapo yana umri wa kati ya miaka milioni 2.6 na milioni 3. Yalitumiwa kukatia nyama, pamoja na ya kiboko. Aliyeyachonga alihitaji jua, na kiboko wake alihitaji majani. Jua la makaa lingekuwa limezimika kitambo kirefu kabla yake. Kwa hakika jua lina umri wa miaka bilioni 4.6.

Jibu ni kwamba nyota haiwaki. Lugha yetu ndiyo inayotudanganya, na si Kiswahili peke yake. Kinachofanyika ndani ya nyota si moto kamwe, ndiyo maana hakihitaji hewa.

Mwaka 1925 dada mmoja kijana, Cecilia Payne, Mwingereza aliyekuwa akisoma Harvard huko Marekani, alionyesha kwamba nyota karibu zote ni haidrojeni na heliamu. Mtaalamu mkubwa wa wakati huo alimwambia haiwezekani, naye akalazimika kuandika kwamba huenda hesabu zake si za kweli. Zilikuwa za kweli. Baadaye yule mtaalamu mwenyewe alikubali.

Katikati ya jua pana joto la nyuzi milioni 15, na uzito wote wa jua unakandamiza hapo. Kwa msongamano huo, viini vinne vya haidrojeni huishia kuungana kuwa kiini kimoja cha heliamu. Lakini ukipima, kuna kitu kimepungua. Ni kama kupeleka gorogoro nne za mahindi sokoni, zikamiminwa katika gunia moja, halafu mizani ikaonyesha upungufu wa gramu 7 kwa kila gramu 1,000. Mama wa sokoni ungemshuku. Kwenye jua hakuna mwizi. Uzito uliopotea umegeuka kuwa nguvu, kama Einstein alivyoeleza mwaka 1905. Jua hupoteza tani milioni 4 hivi kila sekunde kwa njia hiyo, na bado linatosha kwa miaka bilioni 5 nyingine. Kwa hiyo ndiyo, nyota nazo huisha, ila hatutakuwa hapa kuzizika.

Hata hivyo, tusiseme hewa haihusiki na nyota kabisa. Zile zinavyometameta ni kazi ya hewa yetu. Nuru yake hufika juu ya dunia ikiwa imetulia, kisha hupita katika tabaka za hewa zenye joto na baridi zinazochanganyikana, ikatikiswa huku na huku. Ukiwa mwezini hakuna nyota inayometa. Sayari kama Zuhura na Mshtarii huonekana zimetulia kwa sababu ziko karibu, nuru yake haiji kama ncha ya sindano.

Na ukaribu huo ni wa kubahatisha tu. Jua lenyewe liko kilomita milioni 150 kutoka hapa. Matatu ikienda kilomita 100 kwa saa bila kusimama hata kituo kimoja (muujiza kwa barabara zetu) ingefika baada ya miaka 171. Nuru hutumia dakika 8 na sekunde 20. Mwezi wa Julai jioni, tazama juu upande wa kusini, utaona nyota nyekundu katikati ya kundi la Nge. Inaitwa Antares. Nuru yake huchukua karibu miaka 550 kutufikia. Kuta za mawe za Thimlich Ohinga kule Migori, zilizoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2018, wataalamu huziweka karne ya 16. Kwa hiyo nuru inayokufikia leo ilikuwa tayari njiani wakati wajenzi wa Thimlich wakibebana mawe.

Nilidhani nimemaliza. Nikampelekea yule mvulana karatasi zangu azisome kwanza, kwa kuwa swali ni lake. Akasoma zote, akanirudishia na mstari mmoja wa penseli chini: "Na dhahabu je?"

Nikarudi maktabani nikiwa nimeudhika kidogo. Lakini niliyoyakuta huko yameninyima usingizi zaidi ya mengine yote.

Nyota kubwa ikimaliza haidrojeni huanza kuunganisha heliamu. Hapo hupatikana kaboni, na kutoka kaboni hupatikana oksijeni, na mbele zaidi chuma. Ikifa kwa kulipuka, hutawanya vyote hivyo angani. Jua letu na dunia yetu viliumbika kutokana na mabaki ya nyota zilizotangulia. Oksijeni uliyovuta ukisoma sentensi hii, na chuma cha himoglobini kilichoipokea mapafuni mwako, vilipikwa ndani ya nyota kabla ya dunia kuwapo.

Dhahabu hailingani na hivyo. Joto la nyota ya kawaida halitoshi kuipika. Tarehe 17 Agosti 2017, mitambo ya LIGO huko Marekani na Virgo huko Italia ilihisi mtikisiko wa nyota mbili zilizokufa zikigongana, umbali wa miaka milioni 130 kwa mwendo wa nuru. Ni zile nyota za nyutroni, nzito kuliko jua lakini kipenyo chake ni kilomita 20 hivi, ungeweza kuizunguka kwa baiskeli kwa siku moja. Darubini zikaelekezwa huko, zikaona katika mwanga wa mgongano ule alama za elementi nzito zikiumbwa, zile za jamii ya dhahabu. Sehemu kubwa ya dhahabu iliyopo duniani inaaminika ilitokana na misiba ya namna hiyo, kabla dunia haijawapo. Ile inayotafutwa Nyatike kwa sururu na karai ni mojawapo.

Nilimwandikia hayo chini ya mstari wake wa penseli. Alisoma akiwa amesimama, akatikisa kichwa, akasema tu, "Kumbe." Kisha akaniomba nimnakilie ukurasa ule wa pampu peke yake, kwa herufi kubwa, bila mambo ya nyota.

Jumamosi iliyofuata nilipita karibu na ofisi ya mwalimu wa zamu. Alikuwa ameazimwa simu ya mwalimu, karatasi mkononi, akisema kwa Kijaluo polepole kama mtu anayesomea mzee barua. Nilisikia neno pampu mara tatu. Upande wa pili mtu alikuwa akibisha, nadhani kwamba mpira wa maji ni mfupi hautafika, maana alijibu, "Basi nunueni mwingine. Mimi nitangoja karo."

Mwalimu wa zamu alijifanya anasahihisha vitabu.